C. T. Studd: Mwili Uliozoezwa Cambridge, Ukachoka Ibambi



Jina la Bwana Studd wengi wetu wa mashariki tunalijua kwa njia ya kanisa. Wandugu wa CECCA/16 wanamhesabu kuwa baba yao katika imani, na kaburi lake liko Ibambi, upande wa Wamba, katika jimbo ambalo leo linaitwa Haut-Uélé. Kabla jimbo la Orientale halijagawanywa mwaka 2015, Ibambi na Kisangani tulikuwa nyumba moja. Lakini vijana wanaocheza mpira katika parokia zetu za Makiso, Mangobo, Kabondo, hata Lubunga ng'ambo ya mto, wengi hawajui kwamba mzee huyo mwenye ndevu ndefu alikuwa kwanza mchezaji wa timu ya taifa lake, tena mmoja wa walio bora. Ninaandika habari zake kwa ajili yao, na zaidi kwa ajili ya makocha wao. Maisha ya Studd yanaonyesha kwamba mazoezi yana nusu mbili, kazi na pumziko. Ile ya kwanza aliijua kuliko sisi wote. Ya pili aliikataa mpaka kufa.

Charles Thomas Studd alizaliwa tarehe 2 Desemba 1860 huko Spratton, Uingereza. Baba yake, Edward Studd, alitajirika India kwa biashara ya nili, ile rangi ya bluu ya nguo, kisha akarudi kwao kuishi kama bwana mkubwa mwenye farasi wa mashindano. Katika jumba lake la Tedworth alitengeneza kiwanja cha kriketi kwa ajili ya watoto. Mwaka 1875 mhubiri Mmarekani D. L. Moody alihubiri London, na Edward akaokoka. Aliishi miaka miwili tu baada ya hapo. Mwaka 1878 wana wake watatu waliokuwa shuleni Eton, Kynaston, George na Charles, walimpokea Kristo siku moja, kila mmoja peke yake bila mwenzake kujua, kwa ushuhuda wa mgeni aliyekuja nyumbani kwao.

Kriketi kwetu Kongo haichezwi sana, basi niieleze kidogo. Ni timu mbili za watu 11. Mmoja anarusha mpira mgumu wa ngozi, mwingine anaupiga kwa gongo bapa la mbao kisha anakimbia, na kila mkimbio unahesabiwa. Mechi kubwa inachukua siku kadhaa. Anayerusha anakuja mbio, anakanyaga kwa mguu mmoja kwa nguvu zote, anapinda mgongo na kuzungusha bega, tena na tena, mara nyingi kwa siku moja. Anayepiga anaweza kusimama juani saa nyingi, kisha ghafula akimbie kwa kasi kama mwizi. Mwili wa namna hiyo unahitaji pumzi ya safari ndefu pamoja na nguvu ya papo hapo, sawasawa na beki wa pembeni katika mpira wa miguu.

Charles aliweza kurusha na kupiga, yote mawili. Alikuwa kapteni wa timu ya Eton mwaka 1879, kisha akaingia chuo cha Trinity, Cambridge. Ndugu hao watatu waliongoza timu ya Cambridge kwa kupokezana: George mwaka 1882, Charles 1883, Kynaston 1884. Katika msimu wa 1882 Charles alipita mikimbio 1,000 na kuwatoa wapigaji zaidi ya 100, na msimu wa 1883 akafanya hivyo tena. Kwa wapenzi wa kriketi, hiyo ni kama mchezaji mmoja kuongoza ligi kwa magoli huku akiwa pia kipa bora.

Walizoezwaje? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo makocha wetu watapata faida. Wachezaji wengi wa wakati ule hawakuwa na mazoezi ya nguvu yaliyopangwa. Walijengwa na mchezo wenyewe, siku baada ya siku, toka utoto. Lakini katika miaka hiyohiyo kulikuwa na mtu Oxford, Archibald MacLaren, aliyefungua jumba la mazoezi mwaka 1858. Jeshi la Uingereza lilimpelekea kikundi cha kwanza cha watu 12 awafundishe, wawe walimu wa wenzao. Aliwapima vifua, mikono na uzito kabla na baada. Mwaka 1866 alitoa kitabu juu ya mazoezi, hasa ya wapiga makasia wa mashindano. Hoja yake ilikuwa kwamba mchezo mmoja peke yake unajenga viungo fulani na kuviacha vingine dhaifu. Kwa hiyo mchezaji afanye mazoezi ya kujaza pale panapopungua, aanze kwa mzigo mwepesi na aongeze polepole, kila mtu kwa kipimo chake. Mpaka leo wataalamu wa mazoezi ya timu wanajenga juu ya msingi huo.

Tazameni sasa timu zetu za mtaani. Tunawakimbiza vijana wote pamoja kutoka mto Tshopo mpaka katikati ya mji, saa kumi na moja asubuhi, tumbo tupu, mwenye miaka 15 na mwenye 28 kwa mwendo mmoja. Halafu tunashangaa kwa nini magoti yanauma na misuli ya nyuma ya paja inakatika. Kijana wa mpira hukimbia kwa vipande vifupi: mbio ya mita 20, anasimama, anageuka, anaruka, anatembea. Mbio ndefu za barabarani zinampa pumzi, ni kweli, lakini hazimfundishi kusimama ghafula wala kutua vizuri baada ya kuruka. Hayo yanatoka katika kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa sawa na vidole vya mguu. Kuna zoezi moja la kupiga magoti, mwenzako akikushika vifundo vya miguu, kisha unajishusha mbele polepole mwili ukiwa umenyooka. Hilo linaimarisha sana misuli ya nyuma ya paja. Halihitaji chuma wala pesa, ila liongezwe kidogo kidogo, maana siku za kwanza linaacha maumivu. FIFA yenyewe imetoa mpango wa kupasha mwili moto unaochukua dakika 20 hivi, na uchunguzi katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba timu zinazoufuata angalau mara mbili kwa juma zinaumia kidogo zaidi.

Turudi kwa Studd. Tarehe 28 na 29 Agosti 1882 alichezea Uingereza dhidi ya Australia katika uwanja wa Oval, London. Katika zamu ya mwisho Waingereza walihitaji mikimbio 85 tu ili washinde. Mwaustralia Spofforth alirusha kwa ukali hata wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Kapteni akamweka Studd nyuma kabisa, mtu wa kumi, ingawa mwaka ule alikuwa amewafunga Waaustralia hao mikimbio zaidi ya 100 mara mbili. Wanasimulia kwamba alikuwa akizunguka zunguka jengo la wachezaji amejifunika blanketi, anatetemeka. Alipoingia hatimaye, hakupata mpira hata mmoja wa kupiga. Mwenzake alitolewa upande wa pili na mchezo ukaisha: 77, wamekosa kwa mikimbio saba. Gazeti moja likaandika kwa mzaha tangazo la kifo cha kriketi ya Uingereza, kwamba mwili utachomwa na majivu yatapelekwa Australia. Ndiyo maana hata leo mashindano ya nchi hizo mbili yanaitwa Majivu. Studd alikuwa katika timu iliyosafiri Australia msimu uliofuata chini ya Ivo Bligh na kushinda mechi mbili kati ya tatu za mashindano.

(Blanketi lile lina neno kwa makocha. Mchezaji wa akiba aliyekaa benchi saa nzima amepoa. Ukimwingiza hivyo, umemwalika kuumia. Apewe dakika kadhaa za kukimbia na kurukaruka pembeni kabla hujaita jina lake.)

Mwishoni mwa 1883 George aliugua karibu kufa. Charles alikaa kando ya kitanda chake akijiuliza sifa zote zile zina faida gani kwa mtu anayekata roho. George alipona. Charles akaenda kumsikiliza Moody tena, na moyo wake uliokuwa umepoa kwa miaka sita ukawaka. Baadaye maishani hakujuta kwamba alicheza kriketi, kwa maana humo alijifunza ujasiri, kujinyima na kuvumilia. Alichojutia ni kuifanya sanamu. Tusipite haraka hapo, sisi wachungaji ambao wakati mwingine tunawafukuza vijana kiwanjani kana kwamba mpira wenyewe ni dhambi. Mtume Paulo aliwachukua wakimbiaji na wapiga ngumi kuwa mfano katika 1 Wakorintho 9, na katika 1 Timotheo 4 hakukana faida ya mazoezi ya mwili. Aliiwekea mpaka wake.

Februari 1885 Studd alisafiri kwenda China pamoja na vijana wenzake sita. Waliitwa Saba wa Cambridge. Mmoja wao, Stanley Smith, alikuwa ameongoza mapigo ya makasia katika mtumbwi wa Cambridge, kazi ambayo Wagenia wetu wanaielewa: yeye akikosea mapigo, wote wanakosea. Huko China walivaa nguo za Kichina na kutembea mwendo mrefu kwa miguu. Alipotimiza miaka 25 Studd alipata haki ya urithi wa baba yake, kiasi cha pauni 29,000, utajiri mkubwa kwa siku hizo. Tarehe 13 Januari 1887 akaanza kuugawa: 5,000 kwa Moody, 5,000 kwa George Müller mwenye mayatima, na mengine kwa kazi nyingine za Bwana. Kiasi kilichobaki alimpa mchumba wake, Priscilla Stewart, na yeye akataka nacho kitolewe chote kabla ya arusi yao ya 1888. Walizaa mabinti wanne. Kwa miaka mingi waliendesha nyumba ya kuwaponya watumwa wa afyuni.

Walirudi Uingereza mwaka 1894, afya zao zikiwa zimeharibika. Kati ya 1900 na 1906 alichunga kanisa huko Ootacamund, milima ya kusini mwa India, akiteswa na pumu usiku kwa usiku. Mwili uliokuwa wa ajabu kiwanjani ulikuwa tayari umevunjwa. Na hapo ndipo ilipoanza safari iliyomleta kwetu.

Alipotaka kuja Afrika ya kati, daktari alikataa, na komite ya watu waliokuwa tayari kumsaidia ikajitoa kwa sababu ya neno la daktari. Akaenda hivyo hivyo, kwanza Sudani mwaka 1910, kisha Kongo mwaka 1913, akiwa na miaka 52. Aliongozana na kijana Alfred Buxton, aliyeacha masomo ya udaktari Cambridge. Walipita Mombasa, Uganda na ziwa Albert, wakaingia Ituri, wakaendelea mpaka Niangara kwenye mto Uele. Studd alirudi Uingereza mara moja, na mwaka 1916 akaja tena. Hakuondoka Kongo tena. Priscilla, mgonjwa wa moyo, alibaki kule akiendesha ofisi ya misioni. Walionana mara moja tu baada ya hapo, mwaka 1928, kwa siku chache. Mwaka uliofuata Priscilla alifariki.

Kazi aliyoifanya ni kubwa, na hakuna mtu wa haki atakayeipunguza. Watu wa Ibambi walimwita Bwana Mukubwa. Alikaa katika nyumba ya udongo na majani, akapiga banjo, akatunga nyimbo, akatafsiri Agano Jipya katika Kingwana, Kiswahili cha kwetu, ili mama wa kijijini asikie bila mkalimani. Makanisa yalizaliwa Nala, Ibambi na pande nyingine nyingi. Lakini tuseme na upande wa pili, maana wasomaji wa gazeti hili si watoto. Alifanya kazi saa 18 kwa siku, aliamka usiku wa manane, hakupumzika, na alitaka wamisionari wote wafanye kama yeye. Aliyechoka aliitwa mlegevu. Wengine walirudishwa kwao. Hata binti yake Edith na mumewe Alfred Buxton, yule kijana wa safari ya kwanza, waliondolewa katika kazi. Maandiko yake makali yaliwakwaza marafiki wengi, komite ya London ikagawanyika juu yake, na morfini aliyotumia kwa ajili ya maumivu ikaongeza minong'ono.

Kocha wa leo akisoma habari hizo anaona jambo analolijua. Zoezi lenyewe halijengi misuli. Zoezi linaichosha na kuibomoa kidogo, kisha chakula na usingizi vinaijenga upya, juu kidogo kuliko ilivyokuwa. Ukirudia mzigo mzito kabla ujenzi haujaisha, unabomoa juu ya kubomoa. Dalili zake zinajulikana: usingizi unapotea ingawa mtu amechoka, miguu inakuwa mizito, homa ndogo ndogo haziishi, na hasira inakuwa karibu. Sisemi kwamba mafarakano ya Ibambi yote yalitoka kwa uchovu. Tabia ya mtu ni kitu kirefu. Lakini nimesoma maisha ya Studd mara nyingi tangu chuo cha teolojia, na kila mara naona kapteni asiyekubali mchezaji wake kutoka nje apate maji.

Biblia yenyewe ilikuwa mbele yake mezani, akiitafsiri. Katika Marko 6 Bwana aliwaita mitume waliorudi kutoka kazini wajitenge wapumzike, na hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Eliya katika 1 Wafalme 19, amechoka hata anaomba kufa, hakupewa kwanza hotuba. Alilala, akala, akalala tena, akala tena, kisha akatembea siku 40. Sijui kocha aliyepanga juma la mazoezi vizuri kuliko malaika yule.

Na jambo hili linagusa vijana wetu kuliko mtu anavyodhani. Nusu ya timu yetu ya parokia wanaendesha toleka. Kijana anayepiga pedali tangu alfajiri, amebeba watu na magunia katika joto na unyevu wa Kisangani, anafika kiwanjani saa kumi na moja jioni akiwa amekwisha kufanya kazi ya miguu kuliko mchezaji wa Ulaya kwa siku mbili. Ukimwongezea mizunguko 20 ya kiwanja kwa jina la nidhamu, unamwibia. Yeye anahitaji maji, dakika 20 za kupasha mwili, mbio fupi chache zenye mapumziko kati yake, mazoezi ya nguvu mara mbili kwa juma, halafu mpira. Ahitaji pia sahani yenye maharage au samaki, si chikwange na chai tu. Aliyetoka malaria juma hili asikimbizwe hata kidogo mpaka apate nguvu. Mwalimu wa timu yetu sasa anamwuliza kila mmoja, kabla ya kuanza, amelala saa ngapi na leo amefanya kazi gani, na anaandika katika daftari. Wazee wengine walicheka walipoliona daftari. Mimi nilimnunulia la pili.

Kynaston, kaka yake Charles, alipita njia nyingine. Hakwenda mbali kama mmisionari. Aliongoza kwa miaka mingi Polytechnic ya Regent Street, London, mahali ambapo vijana wa kazi za mikono walipata masomo, Neno la Mungu na michezo, akawa meya wa London mwaka 1928, na aliishi mpaka 1944. George alihubiri Los Angeles mpaka uzee wake. Sipimi nani kati yao alizaa zaidi. Ninasema tu kwamba familia moja na kiwanja kimoja cha Tedworth vilitoa watu hao watatu.

Mwaka 1931 Charles Studd alikuwa na miaka 70. Moyo ulikuwa umemsumbua kwa muda mrefu, malaria ilikuwa inakwenda na kurudi, na kulikuwa na mawe ndani ya nyongo ambayo hayakutibiwa. Jumapili ya mwisho aliongoza ibada ya saa nyingi, kama kawaida yake. Siku zilizofuata maumivu yalizidi, na Alhamisi tarehe 16 Julai alilala katika Bwana. Alizikwa Ibambi, na Wakongo wengi walikuja kutoka vijiji vya msituni kumsindikiza. Kijana wa Kisangani anayetaka kuliona kaburi lile atapita barabara ya Ituri kupitia Bafwasende na Nia-Nia, kisha atakata kaskazini kuelekea Wamba. Ajiandae kwa matope.